MJADALA: Kugonganisha chembe kutatuonyesha maada giza?

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma
Ndugu zangu, CERN, maabara ya utafiti wa chembe ndogo kabisa za maada iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanapendekeza kuchimba handaki la duara la kilomita 91 la kugonganisha chembe. Hatua ya kwanza inakadiriwa kugharimu faranga bilioni 15 za Uswisi. Lililopo lina kilomita 27. Sababu mojawapo ni maada giza, ile isiyotoa mwanga wala kuuzuia, ambayo ni kama mara tano ya maada tunayoijua.

Naunga mkono, na hoja yangu imetoka ziwani. Usiku usio na mwezi mtu akiruka kutoka mtumbwini humwoni, lakini mtumbwi unarudi nyuma. Ukipima ulivyorudi, unajua karuka kwa nguvu gani. Protoni, chembe za kiini cha atomu, zikigongana, vinavyorushwa huku na huku lazima visawazishane. Vikielemea upande mmoja, kuna kilichotoka bila kuonekana. Nyutrino, chembe isiyonaswa kirahisi, ilianza hivyohivyo: mwanafizikia Pauli aliikisia mwaka 1930 baada ya nishati kuonekana imepungua, ikanaswa 1956.

Mwalimu wa fizikia, Tabora
Kaka, mfano mzuri, ila umeuachia njiani. Mtumbwi hausemi kama aliyeruka alifika nchi kavu. Kitambuzi cha ATLAS, mtambo wa CERN unaonasa vinavyorushwa, kina urefu wa mita 46. Chembe ikishatoka humo, habari zake zimekwisha. Maada giza imedumu miaka bilioni 13 na zaidi. Chembe iliyoishi kufumba na kufumbua, ikavunjikia nje, inaacha pengo lilelile. Hata nyutrino zako zinaliacha kila siku! Na tangu chembe iitwayo Higgs ipatikane pale CERN 2012, maada giza haijaonekana. Mimi fedha hizo ningezipeleka kwenye mitambo iliyojazwa xenoni, aina ya gesi, na kufukiwa chini ya miamba, kama ule wa Dakota Kusini, Marekani, inayosubiri igongwe na maada giza yenyewe.

Wa Ujiji
Na kama maada giza si chembe kabisa? Sayari ya Zebaki ilipopotoka njia, wataalamu walitafuta sayari iliyojificha. Haikuwepo. Einstein mwaka 1915 akarekebisha kanuni ya mvutano, mambo yakakaa sawa.

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma
Mwalimu, hapo kwenye umri umenishinda, nakubali. Ila xenoni nayo itakuambia imegongwa tu, haitasema kilichoigonga huzaliwaje. Ni mashahidi wawili: handaki liliona mtumbwi ukirudi nyuma, xenoni ikaona mtu akitoka majini. Nipeni wote wawili. Wakitaja uzito uleule, nitaamini ni yeye.