"By" ni na, ni kwa, au ni hadi? Tangazo la kodi limezua utata

Mpangaji_Nyalenda
Hamjambo wataalamu. Ploti moja hapa Nyalenda, Kisumu, imebandikwa tangazo la Kiingereza, nami nimeombwa niliandike kwa Kiswahili. Kila mstari una neno *by*:

*Rent must be paid by 6 pm on the 5th.*
*Rent will go up by 500 shillings.*
*The tap by the gate was broken by a child. It will be repaired by the caretaker.*
*Keep the drains clear by not pouring food waste into them.*

Nimeandika: "Kodi ilipwe hadi saa sita jioni tarehe 5", "Kodi itapanda hadi shilingi 500" na "Mfereji wa geti umevunjika na mtoto". Waliosoma wameelewa mambo tofauti. Nimekosea wapi?

Mfasiri_Milimani
Tuanze na "hadi", maana hapo ndipo pesa za watu zilipo.

Kiingereza kina *by* na *until*, na sisi tunazoea kuzitupa zote kwenye "hadi". *Until* ni kwa jambo linaloendelea bila kukatika mpaka wakati fulani: duka liko wazi hadi saa mbili usiku. *By* ni kwa jambo linalotendeka mara moja, wakati wowote, mradi lisipite mpaka uliowekwa. Kodi hulipwa mara moja ikaisha, kwa hiyo "ilipwe hadi tarehe 5" inasikika kana kwamba watu wataendelea kulipa siku zote tano. Andika "kufikia tarehe 5".

Usikimbilie "kabla ya tarehe 5". Hiyo inamnyima mpangaji siku nzima, kwa sababu mwisho wake ni tarehe 4, ilhali *by the 5th* kwa kawaida huihesabu tarehe 5 yenyewe. Na ukiniuliza mimi, Kiswahili kina njia safi kuliko zote hizi: "Mwisho wa kulipa kodi ni tarehe 5."

Halafu saa! *6 pm* ni saa kumi na mbili jioni. Hiyo "saa sita jioni" haipo, na msomaji atakisia mchana au usiku.

Fundi_Bondeni
Hapo pa shilingi 500, "kwa" huonyesha pengo na "hadi" huonyesha mahali bei ilipofika. Kodi ya 6,500 ikipanda *by* 500 inakuwa 7,000. Ukiandika "hadi 500", umemwambia mpangaji kwamba kodi nzima ni mia tano.

Kwenye asilimia ni hatari zaidi. Riba ikitoka asilimia 10 ikafika 15, imepanda kwa pointi 5 za asilimia, lakini ukilinganisha na ilipoanzia imepanda kwa asilimia 50. Taja namba zote mbili, ya kwanza na ya mwisho, na hakuna atakayebishana.

Kwa vipimo *by* ni "kwa" vilevile, ingawa huku Nakuru utasikia tu "fifti bai handred". Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Wauzaji huiita "nusu robo ekari", lakini nusu robo kamili ni 5,445. Zile 445 zilizopungua usizilipie.

Mwalimu_Kakamega
Nibaki kwenye mfereji. Mtendaji huja na "na", kifaa huja na "kwa": "umevunjwa *na* mtoto *kwa* jiwe". Ukisema "umevunjwa na jiwe", jiwe ndilo limekuwa mtendaji.

Kosa lako lakini liko kwenye kitenzi. "Umevunjika" inaeleza hali tu: mfereji ni mzima au si mzima. Kauli hiyo ya -ika haimbebi mtendaji. Ukitaka kumtaja mtoto, sharti iwe "umevunjwa".

*By the gate* ni mahali, basi sema "ulio kando ya geti". "Mfereji wa geti" unaweza kudhaniwa ni sehemu ya geti.

Jihadhari pia na "na" mbili zikifuatana. "Wapangaji waliitwa na keateka na mwenye ploti": je, wawili hao ndio walioita, au mwenye ploti aliitwa pia? Geuza: "Keateka na mwenye ploti waliwaita wapangaji." Mara nyingi *by* ya Kiingereza inatoweka ukimtanguliza mtendaji, na sentensi inapumua.

Vivyo hivyo *one by one* haihitaji "kwa" yoyote. Ni "mmoja mmoja", basi.

Mpangaji_Nyalenda
Asanteni sana. Sasa liko hivi:

"Mwisho wa kulipa kodi ni tarehe 5, saa kumi na mbili jioni. Kodi itapanda kwa shilingi 500. Mfereji ulio kando ya geti umevunjwa na mtoto. Keateka atautengeneza. Wekeni mitaro wazi kwa kutomwaga mabaki ya chakula ndani yake."

Mwalimu_Kakamega
Mstari wa mwisho sarufi yake ni sawa, ila bado unanuka Kiingereza. "Msimwage mabaki ya chakula kwenye mitaro, itaziba."

Mfasiri_Milimani
Na kwenye kodi ongeza "kutoka 6,500 hadi 7,000", kama hicho ndicho kiwango chenu. Hapo sasa "hadi" iko mahali pake.