Dada yangu anatibiwa saratani na amekata tamaa: tumsaidieje?

Mdogo wa mgonjwa, Kigoma

Ndugu zangu, naomba ushauri. Dada yangu ana saratani ya mlango wa kizazi na yuko Dar es Salaam katikati ya wiki zake za mionzi. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amegeukia ukutani, hataki kula wala kupokea simu za watoto wake, na aliniambia kuwa amekuwa mzigo, kwamba fedha tunazotumia kwake zingewasomesha wanawe. Shemeji naye amepunguza kupiga simu. Ndugu wanamhimiza ajipe moyo na aombe, lakini naona kila akiambiwa hivyo anazidi kunyamaza. Je, hii ni huzuni ya kawaida ya ugonjwa, au ni tatizo linalohitaji tiba yake lenyewe?

Muuguzi wa huduma shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa)

Pole sana, ndugu yangu. Hofu na machozi humpata karibu kila mgonjwa, na mara nyingi hupungua akipata mtu wa kumsikiliza bila kumkatiza. Lakini mtu akikosa furaha na hamu ya mambo yote karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huku akijiona hana thamani, huenda hiyo ni sonona, nayo hutibika hata pale ambapo saratani yenyewe haiponi. Uchovu na kukosa hamu ya kula havitoshi kuithibitisha, kwa kuwa mionzi nayo huvileta. Sikiliza zaidi jinsi anavyojisema.

Hilo la kujiita mzigo limenitia wasiwasi. Muulize waziwazi, mkiwa wawili tu, kama amewahi kuwaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa ziwekwe mbali naye, na daktari wake ajulishwe siku hiyo hiyo.

Uliza pia kuhusu maumivu na harufu. Wanawake wengi wenye saratani hii hujitenga kwa kuona aibu ya uchafu unaotoka ukeni, na hawasemi mpaka waulizwe, ilhali dawa iitwayo metronidazole huipunguza harufu hiyo na mofini ya maji hutuliza maumivu makali. Kuhusu nauli na malazi, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa sababu hofu ya gharama ni sehemu ya ugonjwa wa dada yako.

Mama aliyemaliza mionzi

Mdogo wangu, nami nilipitia njia hiyo, na jambo lililoniumiza kuliko mionzi yenyewe ni mume wangu kulala chumba kingine bila kueleza sababu. Baadaye alikiri kwamba aliogopa kuambukizwa saratani na kudhuriwa na mionzi. Saratani haiambukizwi kwa kulala pamoja, na mionzi inayopigwa kutoka nje kwa mashine haibaki mwilini. Ni kweli kwamba uke unaweza kukauka na kuwa mwembamba baada ya matibabu, lakini kuna njia za kusaidia, na inafaa wanandoa waelezwe wakiwa pamoja. Mwombe shemeji yako azungumze na muuguzi, hata kwa simu, kabla hamjamhukumu. Watoto nao waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto anayedanganywa kwamba mama yuko safarini husikia ukweli huo kwa majirani.

Hao ndugu wanaomhimiza wana nia njema. Hata hivyo, mimi nilikuwa nikiambiwa nijipe moyo, nilielewa kuwa kulia kwangu kunawachosha, basi nikaacha kuwaambia lolote.

Mshauri nasaha

Naongeza jambo moja ambalo familia nyingi hulisahau. Mionzi ikiisha watu hudhani mgonjwa amepona, wanaacha kumtembelea, na yeye huanza kuwaza peke yake kama ugonjwa utarudi. Kabla dada hajasafiri kurudi Kigoma, ombeni barua ya rufaa inayotaja hali yake ya akili pamoja na saratani, muifikishe katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Iwapo ameanzishiwa dawa za sonona, asiziache kwa kuwa hajaona nafuu siku za mwanzo. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kuziacha ni uamuzi wa kushauriana na daktari.