Je, halmashauri zilazimishwe kununua dawa ya viluwiluwi ya Kibaha?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja, maana linagusa fedha zetu na afya za watoto wetu.

Kibaha, mkoani Pwani, kuna kiwanda cha Tanzania Biotech Products, mali ya umma chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Kilijengwa kwa teknolojia ya LABIOFAM, kampuni ya serikali ya Cuba, kikazinduliwa mwaka 2015, na kina uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 za viuadudu vya kibaiolojia kwa mwaka. Kazi yake ni kukuza bakteria wawili, Bacillus thuringiensis israelensis (Bti) na Bacillus sphaericus. Dawa inanyunyizwa kwenye dimbwi, kiluwiluwi wa mbu anaila, sumu yake inapasua utumbo, na mbu hazaliwi. Samaki na ng'ombe wanaotumia maji yaleyale hawadhuriki.

Juni 2017 Rais Magufuli alifika pale, akakuta dawa imejaa ghalani haina mnunuzi, akaagiza halmashauri ziichukue. Kwangu hapo ndipo penye mjadala wenyewe. Mitambo ilikuwepo, wataalamu walikuwepo, mbu tunao wa kutosha, na bado dawa haikutoka.

Mimi nasema serikali ibebe jukumu la mnunuzi, ila kwa mkataba wa miaka kadhaa wenye bei na kiasi kinachojulikana. Agizo la kiongozi linamaliza shehena iliyopo leo. Bajeti ya mwaka kesho haimo ndani yake.

Angalieni A to Z, kiwanda cha vyandarua cha Arusha. Mwaka 2003 Sumitomo Chemical ya Japani iliwapa teknolojia ya Olyset, yaani kuchanganya dawa ndani ya uzi wenyewe wa chandarua, bila kudai mrabaha. Kiwanda kikakua hadi kufikia uwezo wa mamilioni ya vyandarua kwa mwaka, na maelfu ya Watanzania, wengi wao wanawake, wakapata ajira. Ukarimu wa Mjapani peke yake usingefika hapo. Upande wa pili walikuwepo UNICEF na Global Fund (mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria) wenye fedha za kununua vyandarua, tena kwa wingi.

Sasa mtazameni Aspen, kampuni ya dawa ya Afrika Kusini. Mwaka 2022 walipata leseni ya Johnson & Johnson kutengeneza chanjo ya UVIKO kwa jina lao, Aspenovax. Kiwanda cha kisasa, leseni mkononi, oda hakuna. Na Aprili 2024 Moderna, kampuni ya chanjo ya Marekani, ikasitisha mpango wa kujenga kiwanda Kenya, ikieleza kuwa mahitaji ya chanjo hiyo barani yameshuka. Umoja wa Afrika unataka ifikapo 2040 asilimia 60 ya chanjo zetu zitengenezwe humu humu. Nani amejifunga kuzinunua?

Mchangiaji, afisa afya wa halmashauri

Ndugu mleta mada, unaongea vizuri ukiwa mbali na ghala. Dawa ikishaletwa kwangu, nani ananyunyiza? Bti haikai majini muda mrefu, inabidi urudie karibu kila wiki msimu wote wa mvua. Hapo nahitaji vijana, mabomba, mafuta ya pikipiki na ramani ya mazalia ya mbu. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema njia hii inafaa pale ambapo mazalia ni machache, yanajulikana na hayahamihami. Halmashauri yangu ina mabonde ya mpunga kila upande. Mkinilazimisha, nitapokea madumu, nitasaini, na deni litabaki kwenye vitabu.

Mchangiaji, mhitimu wa bioteknolojia

Mimi nina hofu nyingine. Uhawilishaji wa teknolojia tunaupima kwa matangi na majengo. Tuulizane hivi: Mtanzania anaweza kutunza mbegu mama ya bakteria miaka kumi bila kupoteza makali yake? Anaweza kupima nguvu ya kila bechi kwa viluwiluwi hai? Maana kuhesabu bakteria tu hakukuambii kama dawa inaua. Anaweza kutafuta aina mpya kwenye udongo wetu? Bti iligunduliwa mwaka 1976 kwenye dimbwi la jangwa la Negev, Israel. Nani ameshachokonoa madimbwi ya Kilombero kwa bidii hiyo?

Halafu, serikali ikijifunga na kiwanda kimoja cha umma, sisi tunaotaka kuanzisha kampuni ndogo tutamuuzia nani? Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa fani hii, na wengi wanaishia kuuza vitendanishi (kemikali za maabara) vya kutoka nje.

Mleta mada

Afisa, hoja yako naikubali kwa uzito wote, na ndiyo inayonifanya nipinge ulazima wa kugawia kila halmashauri madumu. Dar es Salaam ilishatuonyesha njia. Mpango wa malaria wa jiji ulioanza 2004 uliwatumia wakazi wenyewe kutafuta mazalia na kunyunyiza, ukaanza na kata 3 mwaka 2006, na maambukizi yakapungua kwenye kata zile. Dawa iliyotumika wakati huo ilikuwa ya nje. Basi mkataba uanze na miji, na ununue huduma nzima: dawa, mnyunyizaji na upimaji wa mbu baada ya kazi. Mabonde ya mpunga yabaki na vyandarua kwanza.

Mhitimu, umenigusa. Ahadi ya kununua iandikwe kwa ajili ya bidhaa iliyofaulu vipimo, awe ameitengeneza NDC au kampuni ya vijana watano. Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, walizindua mfuko wa namna hiyo Juni 2024, hadi dola bilioni 1.2 kwa miaka kumi kwa watengenezaji chanjo wa Afrika, na fedha hutoka pale chanjo inapothibitishwa ubora au inaposhinda zabuni. Jengo tupu halilipwi.

Ninalotaka kusikia kutoka kwa walio kwenye manunuzi ya umma: je, sheria zetu zinaruhusu halmashauri kusaini mkataba wa miaka mitano kwa bidhaa ya aina hii, au kila mwaka lazima waanze upya?