Re: Sakafu ya moto, bili ya gesi na kile kiboksi cha ukutani (Korea)

Dada pole na baridi na karibu sana Korea. Umeuliza kuhusu sakafu ya nyumba inayotoa moto, bili ya gesi na kiboksi cha ukutani, twende moja moja. Hiyo sakafu ndo wanaita ondol, usipoielewa usiku itakutoa jasho halafu mwisho wa mwezi bili ikutoe machozi.

Chini hapo kuna mabomba yamelazwa ndani ya zege, boila inapasha maji moto kwa gesi yanazunguka humo, kwa hiyo kinachopata moto kwanza ni zege, hewa baadaye, na zege halina haraka. Wageni wengi wakiingia wanapapasa sakafu wanaona bado, wanapandisha mpaka nyuzi 28, saa nane usiku chumba tanuri, wanazima, na zege lina moto wake bado linaendelea tu. Weka 20 au 21 uiache hapo.

Sasa kiboksi, hicho cha ukutani cha kupangia joto la boila. Vingi vina modi mbili za kupima joto. Ikiwaka 실내, silnae, namba unayoweka ni joto la hewa ya chumba na kipimo kimo humohumo kwenye kiboksi, sasa kama kimefungwa karibu na mlango unaopitisha upepo kinadhani nyumba nzima inaganda, boila haipumziki. Kwako ikiwa hivyo hamia 온돌, ondol, yenyewe inafuata joto la maji ya kwenye bomba, 50 au 55 kwa chumba cha mwanafunzi inatosha, usije ukaona 55 ukadhani ndo joto la chumba ukakimbia.

Halafu kuna 외출, oechul, ya mtu aliyetoka. Wengi wanaibonyeza kila wakienda darasani, ila kwa boila nyingi hiyo ni ya kuzuia mabomba yasigande tu, sakafu inapoa kabisa na jioni gesi inaanza moja. Ukienda kipindi au shifti punguza nyuzi 2 au 3 basi. Oechul iweke ukisafiri siku kadhaa, na Januari usichomoe boila kwenye umeme hata iweje.

> Mkuu umemaliza, mi naongezea kidogo tu. Fungua kabati la chini ya sinki la jikoni utakuta koki zimejipanga, kila moja inapitisha maji ya moto sehemu yake ya sakafu. Mkono ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikingama imefungwa. Koki ya chumba cha mabegi ifunge usilipie mabegi. Ila nje ikifika hasi 10 zifungue kidogo zote, na bomba la maji ya moto liache lidondoshe maji kidogokidogo usiku kucha lisigande.
> Na jamani mnaolala chini, usijikunyate na blanketi zito sehemu moja ya moto usiku mzima, ngozi inaungua taratibu na wewe umelala fofofo. Zulia nene nalo toa, linaziba joto.

> > Asanteni sana kaka zangu. Na hii midomo kupasuka je? Halafu nimefungua hapo kwenye sinki, koki zipo nne na vyumba viwili, hizo mbili za wapi?

> > > Hewa inakauka hiyo, anika nguo mbichi ndani, asubuhi kanga imekauka na pua imepona. Koki nyingine mara nyingi sebule na jikoni. Funga moja, ipe masaa kadhaa, vua soksi utembee peku utajua tu ni ya wapi, halafu bandika karatasi.