Naomba ushauri: dawa inavuja kwenye liposomu kabla sijawasha leza

Habari za kazi wakuu, hasa mlio kwenye famasia na kemia.

Niko kwenye utafiti wa uzamili. Natengeneza liposomu (vifuko vidogo mno vya kubebea dawa) za DPPC, aina ya lipidi, zenye doksorubisini, dawa ya saratani, pamoja na vijiti vya dhahabu vya kipimo cha nano. Leza ya nanomita 808, ambayo hupenya mwilini kuliko mwanga tunaouona kwa macho, inapasha dhahabu joto. Utando wa DPPC ukifika takriban nyuzi 41 unalegea na dawa inatoka pale pale kwenye uvimbe. Dawa hii inajulikana kwa kudhuru moyo, ndiyo maana sitaki kabisa kuiacha kazi hii njiani.

Shida: dawa inavuja kwa nyuzi 37, gizani. Liposomu zisizo na dhahabu zimetulia. Nimeongeza kolesteroli, uvujaji ukapungua, lakini sasa hata leza ikiwaka dawa inayotoka ni kidogo mno.

Nashuku CTAB, kemikali inayotumika kutengenezea vijiti, iliyobaki juu yake. Ile ni jamii ya sabuni, na sabuni hutoboa utando wa lipidi. Nimevisuuza kwa sentrifuji, ila nikizidisha vinagandana na rangi inabadilika.

Mliowahi kuondoa CTAB na kuweka PEG yenye thayoli (polima inayoshika kwenye dhahabu na kuvikinga vijiti), mlihakikishaje kwamba imeisha bila vijiti kugandana? Na je, kupasha sampuli nyingine kwenye maji ya nyuzi 42 bila leza kunatosha kutenganisha kazi ya mwanga na ile ya joto la kimiminika chote?

Natanguliza shukrani.