Mbwa anamwaga mba kama unga: nianzie wapi?

mfugaji_dom

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua ngozi za mbwa.

Ni jike, chotara wa German Shepherd, miaka 3, kilo 27, yuko Dodoma. Tangu kiangazi kianze anamwaga mba nyeupe. Ukimpapasa mgongoni kuelekea mkiani, mkono unatoka kama umeshika unga. Manyoya yamefifia, hayang'ai. Anajikuna, ila si kwa fujo. Chakula ni ugali wa dona na dagaa kidogo, asubuhi na jioni. Nyama ni siku mojamoja. Anaogeshwa kila Jumamosi kwa sabuni ya mche na maji ya kisima. Chanjo ziko sawa, dawa ya minyoo alimeza miezi 5 iliyopita. Hana mimba.

Mtaani nimeshauriwa vitu vitatu: mafuta ya nazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe, na oili chafu. Kipi kinafaa, na kipi kitaniulia mbwa?

kitana_chembamba

Oili chafu isahau kabisa, mkuu. Ina mabaki ya vyuma na kemikali za injini, ngozi inaungua, na mbwa atailamba yote. Mafuta ya taa hivyohivyo. Hayo mengine mawili wenzangu watakuja nayo.

Usipake chochote kabla hujajua mba inatoka wapi. Ngozi ya mbwa hujibadilisha kwa takriban wiki 3. Seli zilizokufa hudondoka mojamoja, huzioni. Kitu kikiiharakisha ngozi (mdudu, bakteria, fangasi, sabuni kali, lishe mbovu) seli zinabanduka zikiwa zimeshikana, ndiyo hiyo mba. Wa kwanza kumchunguza ni mdudu, kwa sababu anaambukiza wanyama wengine na watu wa nyumbani.

Mtoe mbwa penye jua, tandika karatasi nyeusi au mfuko mweusi uliokatwa. Mchane kwa kitana cha chawa kuanzia mabegani hadi shina la mkia, dakika 5, na kila ukimaliza mkondo mmoja kung'uta kitana juu ya karatasi. Halafu tulia, usipumulie, tazama ile mba dakika 2 au 3. Kama kuna chembe nyeupe zinazotembea, huyo ni Cheyletiella: utitiri wa karibu nusu milimita anayekaa juu ya ngozi na kuzisukumasukuma mba. Simu yenye kamera ya karibu inatosha kumwona. Ulizia pia kama watu wa nyumbani wana vipele vya kuwasha mikononi au tumboni, pale mbwa anapokumbatiwa au kulaliwa.

Mabaki yaliyobaki kwenye kitana yaweke juu ya karatasi ya chooni iliyolowa. Vitone vyeusi vikitoa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu waliyoinyonya na kuimeng'enya. Vikibaki vyeusi ni udongo tu.

Mwisho, sugua ncha ya sikio lake kati ya vidole viwili kwa sekunde kadhaa. Mguu wa nyuma ukianza kukuna hewani, shuku upele wa Sarcoptes (utitiri anayechimba ngozi), hasa kama kingo za masikio na viwiko vina magamba.

Angalizo: kutoona kitu hakumaanishi hakuna kitu. Demodex, utitiri mwingine, anaishi ndani ya vinyweleo. Anapatikana kwa kukwangua ngozi mpaka itoe damu kidogo, kisha kuitazama kwenye hadubini. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, usijaribu na wembe nyumbani.

maji_chumvi

Hata kabla ya majibu ya wadudu, kuna kitu kimoja unaweza kukiacha leo: sabuni ya mche kila Jumamosi.

Ngozi ya nje ya mbwa ina tabaka chache za seli kuliko ya mtu, na sabuni ya mche na ya unga zina magadi mengi. Zinaondoa mafuta yote yanayozuia maji yasitoke ngozini. Ongeza upepo mkavu wa Dodoma na maji ya kisima yenye chumvi: sabuni haitoki vizuri kwenye maji magumu, utando unabaki kwenye manyoya, ukikauka unapukutika kama mba. Watu wengi wanaongeza kuogesha ili kuondoa mba, kumbe wanaitengeneza.

Tafuta shampuu ya mbwa isiyo na manukato makali. Mchane kwanza akiwa mkavu, maana magamba yaliyokwisha kulegea hayana haja ya kuyeyushwa kwa dawa. Mloweshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka ngozi ilowe, siyo manyoya ya juu tu. Kwa manyoya mazito ya Shepherd inachukua dakika 5 nzima. Shampuu nzito ichanganye na maji kwenye chupa kabla ya kumpaka, la sivyo itaganda sehemu moja mgongoni na tumbo lisipate kitu. Ikishaenea, weka saa ya simu dakika 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea: dakika 2, wanasuuza, halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Suuza mpaka maji yanayodondoka tumboni yawe maangavu bila povu na manyoya yakwaruze ukiyavuta kwa vidole. Kwa mbwa wa kilo 27 andaa ndoo 2 za lita 20 za kusuuzia tu, na ile ya mwisho iwe maji ya mvua au ya bomba kama yanapatikana.

Akikauka, changanya gliserini ya dukani ml 50 na maji safi ujaze lita 1, tia kwenye chupa ya kupulizia. Mpulize kidogo mgongoni kila siku na umchane. Gliserini inashika maji ngozini. Usiipake bila kuichanganya, na usibadilishe kwa mafuta ya mgando. Yanakusanya vumbi tu na yeye atayalamba.

Shampuu ya mba ya watu usiigeuze kuwa ya mbwa kwa kubahatisha. Mafuta ya mti wa chai, yanayosifiwa sana mitandaoni, ni sumu kwa mbwa yakiwa hayajazimuliwa: anatetemeka na miguu inakosa nguvu.

jungu_la_mbwa (Nakuru)

Mimi naangalia bakuli. Dona na dagaa kidogo siku zote, na manyoya yaliyofifia: hapo kuna mambo mawili.

La kwanza ni mafuta. Mbwa anahitaji asidi ya linoleiki, mwili wake hauwezi kuitengeneza, na ndiyo inayojenga ule ukuta wa ngozi usiopitisha maji. Mafuta ya nazi uliyoshauriwa yana asilimia 2 hivi tu ya asidi hiyo. Yanang'arisha manyoya kwa nje, basi. Alizeti ya kawaida ina karibu asilimia 60, nawe uko kwenye nchi ya alizeti. Singida ni jirani yako. Kijiko 1 cha chakula (ml 15) kinampa takriban gramu 8. Anza na kijiko cha chai kwa siku 4 au 5, kisha vijiko 2 vya chai, kisha kijiko kamili cha chakula kwa siku. Mimina ugali ukishapoa, usiyakaangie. Kijiko hicho kina kalori kama 120, kwa hiyo punguza ugali kidogo, la sivyo mtarudi hapa kuuliza kuhusu unene. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma. Akitapika na kukunja mgongo kwa maumivu ya tumbo, acha mafuta na mpeleke kwa daktari. Kongosho linaweza kuwa limevimba.

Na usinunue yale yanayopangwa juani kando ya barabara kwenye chupa angavu. Mafuta yaliyochacha yanakula vitamini E ya mbwa. Nusa: yakitoa harufu ya rangi ya kupaka, yaache.

La pili ni zinki. Dona ina pumba, na pumba ina faiteti, ambayo inaishika zinki tumboni isifyonzwe. Kalsiamu nyingi inaongeza tatizo, kwa hiyo wanaomwagia unga wa mifupa au chokaa juu ya dona wanafunga mlango mara mbili. Upungufu wa zinki una sura yake: magamba magumu kuzunguka macho, mdomo, kwenye viwiko na nyayo, zaidi ya unga mgongoni. Kwa maelezo yako sidhani umefika huko, lakini angalia nyayo zake.

Usikimbilie sembe. Faiteti inapungua, ndiyo, lakini na zinki na mafuta yanapungua pia. Afadhali loweka unga wa dona usiku kucha uchachuke kidogo kabla ya kupika, na ufanye theluthi ya bakuli iwe nyama, vichwa vya kuku vilivyochemshwa au dagaa walioongezwa. Maini mara moja au mbili kwa wiki, kipande kidogo. Yakizidi, vitamini A inazidi. Vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha (mg 20) usimpe kwa kukisia. Zinki ikizidi inatapisha na inaweza kuharibu damu.

Miezi 5 bila dawa ya minyoo ni mingi, mpe tena. Safura nayo inafifisha manyoya.

mfugaji_dom

Asanteni sana. Nimechana kama mlivyoelekeza. Hakuna kinachotembea. Karatasi iliyolowa haikutoa rangi ya kutu. Sikio nimesugua, mguu haukusogea. Nyumbani hakuna anayewashwa. Nyayo ni laini.

Ila nilipomlaza chali nimekuta kitu sikukijua: tumboni na kwapani kuna miduara 6 au 7, mikubwa kama sarafu, katikati pana weusi kidogo, pembeni kuna ngozi inayobanduka kama karatasi. Miwili ina kipele chenye usaha. Jirani anasema ni choa. Je, ile dawa ya ng'ombe iwe suluhisho?

kitana_chembamba

Hapo umetupa jibu ambalo mgongo usingelitoa. Duara si lazima liwe choa. Tazama kwa karibu: kwenye choa, manyoya ya ukingoni yamekatika kama yaliyopitishwa kisu, na duara linapanuka polepole likiacha upara. Kwenye bakteria, kipele cha usaha kinapasuka, ngozi inabanduka kuelekea nje kwa kola nyembamba inayonyanyuka kwa ukucha, na katikati panabaki peusi. Ulivyoeleza ni hivyo vya pili, na vipele vyenye usaha vinaunga mkono. Bado, kama kuna watoto nyumbani, mwombe daktari apime na fangasi. Taa ya urujuani pekee haitoshi: Microsporum canis, fangasi wa choa, wengi hung'aa kijani chini yake, wengine hawang'ai.

Tiba ya kuanzia ni shampuu yenye klorheksidini asilimia 2 hadi 4 (kwenye chupa itasomeka chlorhexidine). Ogesha mara 2 kwa wiki, dakika 10 ukitazama saa, kwa wiki 3. Soma chupa vizuri: ile dawa ya vidonda yenye cetrimide ndani kwa kawaida ina klorheksidini asilimia 0.3 tu. Si kitu kimoja. Chunga macho na ndani ya masikio.

Antibayotiki usijinunulie. Bakteria wa ngozi ya mbwa mara nyingi huvunja amoksilini kabla haijafanya kazi, na siku 5 za vidonge hazitibu ngozi. Na zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinatuliza mwasho huku maambukizi yakienea chini.

maji_chumvi

Kuhusu dawa ya ng'ombe: hapana, huna mdudu wa kumuua. Lakini wengine watasoma hapa, kwa hiyo niseme.

Kuna aina zaidi ya moja kwenye rafu hiyohiyo. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa ml 2 kwa lita 1 ya maji; mtu anayekisia kwa kifuniko cha chupa anaweza kuitia mara 5 yake. Mbwa anasinzia, anapoa mwili, moyo unapiga polepole. Zile za jamii ya oganofosfeti zinafanya kinyume: mate, machozi, kutetemeka, kuharisha. Dawa za kuokolea ni tofauti, kwa hiyo ukikimbilia kwa daktari nenda na chupa.

Sindano ya ivermektini ya ng'ombe ndiyo mbaya zaidi kwa vipimo. Ya asilimia 1 ina mg 10 kwa kila ml, na ml 1 ni dozi ya ng'ombe wa kilo 50. Kwa mbwa wa kilo 27 nusu ml tu tayari inakaribia kiwango hicho, na wapo wenye kasoro ya kurithi, hasa Collie na jamii za Shepherd, ambao dawa inawaingia hadi kwenye ubongo. Wanayumba, hawaoni, wanazimia.

jungu_la_mbwa (Nakuru)

Usitegemee kuona tofauti ya chakula kabla ya wiki 6 hadi 8. Miduara ya tumboni inapaswa kukauka ndani ya wiki 2 au 3 za kuogesha. Isipokauka, au ikipona na kurudi, kuna kitu chini yake. Mzio ndio mshukiwa mkubwa kwa umri huo, na tezi ya shingo kama anaanza kunenepa, kulala sana na mkia kuwa upara. Wakati huo usimpe prednisoloni (dawa ya steroidi) kabla ya kipimo cha tezi, inashusha majibu na atatibiwa ugonjwa usiokuwapo.

Piga picha ya mgongo mahali palepale, ukiwa umepasua manyoya, na sarafu ya shilingi 200 pembeni, kila Jumamosi. Angalia nusu sentimita ya mwisho karibu na ngozi, maana manyoya marefu ya zamani hayatabadilika mpaka yadondoke.

mfugaji_dom

Nimeelewa. Sabuni ya mche imerudi kwenye beseni la nguo. Kesho natafuta klorheksidini. Swali dogo: siku ya kuogesha dawa, gliserini napuliza au naacha?

maji_chumvi

Puliza, akishakauka kabisa. Mgongoni tu. Tumboni kwenye miduara acha pakauke.