Mvua imewakuta Nguruka

Ijumaa

Mama Rehema, saa 1:40 usiku: Jamani, kuna mwenye habari za Rehema na msafara wao wa baiskeli wa kuchangisha, wa kwenda Kigoma? Simu yake haipatikani. Huku Tabora imenyesha tangu alasiri, upepo umeng'oa mabati kwa jirani. Sijui huko waliko kukoje.

Baba Mkubwa: Shemeji, tulia kwanza. Mchana alinitumia picha wakiwa Usinge. Kutoka pale kwenda Nguruka pori ni kubwa na mtandao unakatika. Reli ile nimeifanyia kazi, vituo vyote navifahamu: Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza. Wakiingia Nguruka simu itashika.

Mama Mdogo (Kigoma): Huku bado pakavu ila joto ni la kuleta mvua. Dada, mtoto atafika, inshallah.

Rehema, saa 2:05 usiku: Shikamooni wote. Tumefika Nguruka salama. Tumepiga hema uwanja wa shule ya msingi, mbele kidogo ya mji. Mwalimu mkuu ametupokea vizuri mno, ametupa na kuni. Betri imebaki kidogo. Mvua bado, lakini upepo umeanza na umeme unamulika upande wa mashariki.

Mama Rehema: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah. Umekula?

Rehema: Tunapika wali maharage, Mama. Hema zetu tumeziweka chini ya mwembe mmoja mkubwa katikati ya uwanja, ili asubuhi tupate kivuli.

Shangazi Nesi: Rehema, hapo mhame. Umeme ukimulika anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, halafu niambie umepata ngapi.

Rehema: Shikamoo Shangazi. Nimepata 12.

Shangazi Nesi: Gawa kwa 3. Radi iko kama kilomita 4 kutoka hapo. Ikishakuwa chini ya sekunde 30 watu wote wanatakiwa wawe ndani. Hema si kinga ya radi hata kidogo, na mti uliojitenga uwanjani ndio unaopigwa kwanza. Mwombe mwalimu mkuu awafungulie darasa la matofali. Wakikosa nafasi, wengine wakae ndani ya basi dogo linalobeba mizigo, wafunge vioo, wasishike vyuma. Baiskeli ziacheni huko huko nje.

Shangazi Nesi: Wali uacheni jikoni, mtaukuta.

Rehema: Sawa Shangazi. Namwambia kiongozi wa msafara sasa hivi.

Mama Rehema: Rehema, ukishaingia ndani andika neno moja tu.

Hawa: Bibi yuko hapa kwangu, anasema mwambieni mjukuu wangu afunike vioo na asivae nguo nyekundu.

Shangazi Nesi: Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie kioo na nguo nyekundu haviiti radi. Radi hutafuta kilicho kirefu na kilicho peke yake: mti, nguzo, mtu aliyesimama mahali peupe. Na kuna jambo jingine naomba kila mmoja humu alishike, kwa sababu nimeliona kazini na liliniumiza moyo. Mtu akipigwa na radi, mwilini hana umeme wowote. Watu wanaogopa kumgusa, wanasubiri arudi mwenyewe, na dakika zinakwisha. Mguseni. Kama hapumui na moyo umesimama, kandamizeni kifua kwa nguvu na kwa haraka huku mwingine akitafuta gari. Wengi wanaweza kurudi kabisa wakipata mtu wa kuwahi.

Mjomba Fundi: Asante sana dada. Huku kwetu tulikuwa tunaambiwa usimguse mpaka mganga afike.

Shangazi Nesi: Ndiyo maana nalisema.

Hawa: Bibi anasema amesikia yote, ila vioo vyake alishavifunika na havifunui mpaka asubuhi 😊

Mama Rehema, saa 3:15 usiku: Kimya. Simu haiiti.

Baba Mkubwa: Mvua kubwa ikipiga, minara nayo husumbua. Tumwombee.

Mama Mdogo (Kigoma): Na huku mtaani kwetu Mwanga mvua imefika sasa, umeme wa nyumbani umekatika. Nimewasha mshumaa, niko macho na nyie.

Rehema, saa 4:25 usiku: Tuko darasani wote. Hakuna aliyeumia. Nachaji kwenye betri ya basi ndiyo maana nimechelewa, nisameheni.

Mama Rehema: Alhamdulillah! Alhamdulillah!

Rehema: Tulikuwa tunang'oa vigingi vya hema la mwisho upepo ukaja wote kwa mara moja. Hema mbili zimechanika, moja imerushwa mpaka kwenye ua wa mwalimu. Mvua ya mabati hata mtu akikupigia kelele sikioni humsikii. Tukawa tunaonana kwa umeme tu, darasa zima linakuwa jeupe halafu giza. Kuna dada mmoja wa msafara alikuwa analia, tukamshika mkono huku na huku mpaka ilipopungua. Shangazi, tawi la ule mwembe limeanguka, nene kama gogo la kuchomea mkaa. Limelala pale pale palipokuwa na hema zetu.

Shangazi Nesi: Mungu mkubwa. Kaeni ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama mvua imekatika. Vueni nguo mbichi zote, hata soksi. Anayetetemeka apewe chai ya moto yenye sukari na akae katikati ya wenzake.

Rehema: Tumefanya hivyo. Sasa shida ni siafu. Maji yamewatoa kwenye mashimo yao, wanaingia kwa chini ya mlango. Tumepanda juu ya madawati.

Mama Rehema: Mwageni majivu mlangoni, mstari mnene. Yale ya jikoni yaliyolowa hayafai, ombeni makavu kwa mwalimu.

Rehema: Mke wa mwalimu ameshaleta ndoo nzima ya majivu. Na blanketi. Mungu awabariki watu hawa.

Jumamosi

Rehema, saa 1:30 asubuhi: Shikamooni. Siafu wameondoka. Leo hatuendeshi, tunapumzika hapa hapa Nguruka, tutaondoka kesho alfajiri. Njia za udongo zimekuwa tope, na nusu ya watu hawakufumba jicho.

Issa (Dar): Dada poleni sana, nimesoma yote asubuhi hii. Niulize kitu. Hapa kazini nimechangisha watu kwa kilomita, kila mtu na ahadi yake. Kuna mzee mmoja ameniuliza kama mnasimama ina maana safari imevunjika. Nimjibu nini? Hamwezi kwenda hata mwendo mfupi?

Mjomba Fundi: Issa, kilomita hazikimbii. Uvinza iko pale pale.

Rehema: Kaka Issa, mwambie safari iko palepale na Kigoma tutafika. Lakini mwambie na hili. Fedha hizi ni za baiskeli za magurudumu matatu, zile za kusukuma kwa mikono, za watoto wasioweza kutembea. Jana kabla ya mvua alikuja mama mmoja uwanjani hapa na mtoto wa kiume mgongoni. Mkubwa, miguu yake inagusa magoti ya mama. Alisikia kuna watu wa baiskeli, akafikiri tumezibeba kwenye basi. Ilibidi nimweleze kwamba bado tunachangisha. Hakukasirika, aliuliza tu zitakuja lini, akakaa na sisi, mtoto akawa anazungusha pedeli ya baiskeli yangu kwa mkono, anasikiliza cheni inavyolia. Kiongozi ameandika jina lake kwenye orodha. Sasa mimi nikitoka leo bila usingizi, nikaanguka kwenye tope, nikavunjika, fedha itakayonitibu ni ipi kama si ile ile?

Shangazi Nesi: Umesema vizuri mwanangu. Asiyelala macho yake hayapimi sawa, na mikono inachelewa kushika breki. Msuli nao hujijenga wakati wa kupumzika, wakati wa kuendesha unachoka tu.

Issa (Dar): Nimekuelewa kabisa dada. Ujumbe wako kuhusu yule mama nimeusambaza kwa wachangiaji wote kama ulivyo, natumaini haikukukera.

Rehema: Haijanikera. Jina la mtoto tu ndilo lisitajwe.

Mjomba Fundi: Rehema, sasa tuje kwenye baiskeli. Ililala nje na mvua?

Rehema: Ilikuwa nje usiku kucha, Mjomba. Cheni imeshaanza kuwa nyekundu.

Mjomba Fundi: Kutu ya usiku mmoja inafutika. Fanya hivi. Chomoa kiti pamoja na bomba lake, pindua baiskeli miguu juu, acha maji yatoke. Watu wengi hawajui kwamba maji hushuka ndani ya fremu kupitia pale kwenye kiti, yanakaa chini kwenye gololi za pedeli na kuzila taratibu. Acha hivyo mpaka jua likolee. Tope utoe kwa kijiti na kitambaa kibichi, usimwagie maji kwa nguvu kwenye vitovu vya magurudumu. Cheni ifute mpaka kitambaa kisitoke na weusi, ndipo utie oili, tone moja kwa kila pingili, zungusha, halafu futa tena ya juu. Oili ikizidi inashika mchanga, na mchanga unasaga meno.

Rehema: Mjomba!! Maji yaliyotoka yamejaza kikombe!

Mjomba Fundi: Ndiyo hayo. Waambie na wenzako wote wafanye.

Rehema, saa 6:10 mchana: Wanapindua wote, uwanja umejaa magurudumu juu. Na wanafunzi wanatusaidia kufuta. Hema mbili zilizochanika fundi cherehani wa hapa Nguruka anazishona, amekataa fedha yetu kabisa. Kamba zote za darasani zimejaa soksi.

Mama Rehema: Mmekula nini mchana?

Rehema: Ugali na kumbikumbi! Mvua ya jana imewatoa, watoto wameokota ndoo kwa ndoo. Mke wa mwalimu amewakaanga kwa chumvi tu. Na yale maembe ya Tabora uliyonifungia, Mama, ndiyo tumemaliza leo.

Hawa: Bibi ameniambia niandike kwamba kumbikumbi wa kwanza wa msimu ndio watamu.

Baba Mkubwa: Kesho mtavuka Malagarasi kwa Daraja la Kikwete. Ukifika pale simama uangalie ule mto. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo, msimu wa mvua ukishaanza, mtu wa upande huu tegemeo lake lilikuwa treni. Nimewaona akina mama wajawazito wakisubiri treni kwenye vituo vidogo, na treni imechelewa. Leo mjukuu wa watu wale wale anapita kwa baiskeli. Kwangu mimi si jambo dogo.

Rehema: Nitasimama, Baba Mkubwa. Nitakupigia picha.

Baba Mkubwa: Na Uvinza mnunue chumvi, ile ya maji ya chemchemi. Mleteeni Bibi.

Shangazi Nesi: Na mjitengenezee maji ya njiani leo leo: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi hapo. Yachemsheni kwanza maji, baada ya mvua ya jana visima vimeingiwa na uchafu.

Issa (Dar), saa 11:20 jioni: Dada, yule mzee aliyeniuliza asubuhi amesema ahadi yake ya kilomita iko palepale, na atalipia baiskeli ya yule mtoto, nzima. Anataka kujua apewe akaunti ipi.

Rehema: Kaka usinifanye nilie mbele za watu. Subiri nimwite kiongozi akutumie akaunti ya msafara, isipite kwenye simu yangu.

Mama Rehema: Mungu amzidishie. Rehema, leo ulale mapema.

Rehema: Nalala saa 2, Mama. Tunaondoka saa 11 alfajiri, na leo tunalala darasani, hema hatupigi.

Mama Mdogo (Kigoma): Mie nataka hesabu ya watu. Migebuka nimeshaagiza Kibirizi, mafuta ya mawese yapo. Mko wangapi mnaofika kwangu?

Rehema: 14, Mama Mdogo, pamoja na dereva. Wawili hawali samaki.

Mama Mdogo (Kigoma): Basi hao wawili nawapikia maharage. Dereva anakula pilipili?